Kubaini Ugonjwa wa Klachi na Giaboksi Katika Gari la Kale: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Kisumu na Mwambao wa Ziwa Victoria

Kwa nini ugonjwa ujulikane kabla ya kufungua

Miongoni mwa magari ya kale yanayojulikana sana magharibi mwa Kenya ni Peugeot 404 na 504, Land Rover za Series II na Series III, Volkswagen Beetle na pikapu ndogo za Datsun. Peugeot 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na baadaye kuunganishwa Mombasa, ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na toleo lake refu lilibeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi. Magari haya yametengenezwa kwa namna tofauti, lakini yote yana jambo moja linalomgusa mwenye gari mfukoni: pleti ya klachi haionekani kwa macho mpaka kitu kizito kishushwe. Katika Peugeot 504 fundi hulazimika kurudisha nyuma bomba refu linalofunika propela shafti pamoja na difu ndipo giaboksi, yaani sanduku la gia, ipate nafasi ya kutoka. Katika Land Rover za Series sakafu na kiti hung'olewa ili giaboksi itolewe kupitia ndani ya kibanda, na katika Beetle injini yenyewe ndiyo inayoshushwa.

Kazi ya namna hiyo hula siku nzima au zaidi, na kila inapofanyika huhatarisha bolti za zamani, sili na gasketi ambazo hazikuwa na kasoro. Spea nazo si rahisi kupatikana, kwa kuwa kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8 kuingizwa nchini, na kwa hiyo magari ya kale ya kuvunjwa hayaongezeki bali hupungua mwaka hadi mwaka. Ni hasara kubwa, basi, kushusha giaboksi nzima kisha ikagundulika kwamba kilichokuwa kibovu ni silinda ndogo ya nje, kebo iliyolegea, bushi ya mkono wa gia au maunti ya injini iliyopasuka.

Mwongozo huu unampa msomaji utaratibu wa kupima kutoka nje kwenda ndani, kuanzia jambo rahisi hadi gumu, ili atakapofika kwa fundi awe na majibu badala ya malalamiko matupu.

Namna klachi na giaboksi zinavyofanya kazi

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, fulaiweli, lililofungwa kwenye kranki na kuzunguka nayo wakati wote. Pleti ya klachi, ambayo imevikwa lainingi pande zote mbili, hukaa kati ya fulaiweli na presha pleti yenye springi kali, na katikati yake ina meno yanayoingia kwenye shafti ya kuingilia ya giaboksi. Mguu ukiwa nje ya pedali, springi huibana pleti, na nguvu ya injini hupita hadi kwenye gia. Mguu ukikanyaga, nguvu yake husafirishwa kwa kebo, kama ilivyo katika Beetle, au kwa mafuta ya breki kupitia silinda kuu na silinda ndogo iliyo kando ya nyumba ya klachi, ambazo mafundi huziita masta na slevu. Nguvu hiyo husukuma uma, uma husukuma beringi ya kuachia, na beringi hiyo hulegeza springi ili pleti iachwe huru.

Ndani ya giaboksi mwendo huingia kwa shafti ya kuingilia, hushuka kwenye shafti ya chini, kisha hupanda kwenye shafti kuu inayopeleka nguvu nyuma. Pete za shaba zinazoitwa sinkro hulinganisha kasi ya gia mbili kabla hazijaumana, ili zisikwaruze. Katika giaboksi nyingi za gia 4 zenye propela shafti, gia ya nne huunganisha shafti ya kuingilia na shafti kuu moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila mzigo. Jambo hilo litamsaidia msomaji baadaye atakapotafuta chanzo cha mlio.

Kutokana na mpangilio huu, ugonjwa wa klachi huwa wa namna tatu: klachi inateleza, maana yake haishiki vya kutosha, klachi haiachii, maana yake pleti inaendelea kuzunguka hata pedali ikiwa chini kabisa, au klachi inatetemeka wakati wa kuondoka. Ugonjwa wa giaboksi kwa kawaida hujitokeza kama kukwaruza kwa gia fulani, gia kuchomoka, kuvuma au kuvuja.

> KISANDUKU CHA 1: TAHADHARI KABLA YA KUANZA
>
> - Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liweke juu ya stendi imara kwenye sakafu ngumu. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano hulainika baada ya mvua, na stendi huweza kuzama upande mmoja.
> - Zuia magurudumu kwa kabari, kisha vuta breki ya mkono.
> - Lainingi za klachi za miaka ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa hewa ya kompresa wala usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho kitupwe kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.
> - Mafuta ya breki huunguza macho na kubabua rangi ya gari. Yakimwagika, yasafishwe mara moja kwa maji mengi.
> - Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa.

Vifaa vinavyohitajika

Upimaji huu hauhitaji mashine. Tayarisha tochi, rula, kadibodi safi, bakuli jeupe, vitambaa, spana zinazotosha plagi za giaboksi, sumaku ndogo, jeki, stendi mbili, kabari, daftari na kalamu. Kitabu cha huduma cha gari husika kikipatikana kina thamani kuliko vifaa vyote hivi, kwa sababu vipimo vya mwisho vya kila gari vimo humo.

Hatua ya kwanza: kuuliza historia

Kabla ya kugusa spana, andika majibu ya maswali yafuatayo, kwa kuwa mara nyingi nusu ya jibu imo katika historia ya gari.

1. Tatizo lilianza ghafla au polepole? Lililoanza ghafla mara nyingi hutokana na kuvuja, kukatika au kuvunjika. Lililokuja polepole hutokana na kulika.
2. Hutokea injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wote?
3. Gari lilikaa bila kuendeshwa kwa muda gani?
4. Limepita kwenye maji ya mafuriko au kurudi kinyumenyume hadi kwenye maji ya ufukwe?
5. Mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini, na kwa aina gani?
6. Je, kuna kazi iliyofanywa hivi karibuni kwenye injini, klachi au maunti?

Hatua ya pili: pedali na vya nje, injini ikiwa imezimwa

1. Angalia kama zulia au mpira wa sakafu unaizuia pedali kufika chini. Sababu hii ndogo imewahi kuwafanya watu wengi wanunue klachi mpya bure.
2. Sukuma pedali kwa kidole na upime kwa rula mwendo wake wa bure, yaani umbali inaotembea kabla ya kuanza kuwa nzito. Katika Beetle mwendo huo unapaswa kuwa milimita 10 hadi 20. Ukiwa mdogo mno, klachi huteleza na beringi hulika upesi; ukiwa mkubwa mno, klachi haiachii. Marekebisho hufanywa kwa nati iliyo mwisho wa kebo, upande wa giaboksi.
3. Kwa gari linalotumia mafuta, fungua chupa ya masta na utazame kiwango na rangi. Mafuta meusi yenye matope yanaonyesha mipira inalika. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani ya ziwa haikosi unyevu: mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205 za Selsiasi, ilhali yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Maji hayo hayo huleta kutu ndani ya silinda.
4. Kanyaga pedali mara nne au tano kwa haraka. Ikiwa inazidi kuwa ngumu na gia zinaanza kuingia vizuri, kuna hewa kwenye mfumo au mipira imechoka.
5. Kanyaga pedali hadi iwe nzito na uishikilie hapo kwa dakika moja. Ikiwa inaendelea kuzama polepole na hakuna tone nje, mpira wa ndani wa masta unavujisha.
6. Ingia chini, ukunje kwa kidole kifuniko cha mpira cha silinda ya slevu. Pakiwa pakavu na vumbi tupu, slevu haivuji. Pakiwa na unyevu unaoteleza kwenye vidole na kuacha alama safi iliyoosha uchafu wa bomba, basi mafuta yanapita, na kibadilishwe kipuri hicho kabla ya kuwazia kushusha giaboksi.
7. Mtu mwingine akikanyaga pedali, tazama kama fimbo ya slevu au uma unasogea umbali wote unaotajwa katika kitabu. Masta na slevu zikifanya kazi yake kikamilifu na klachi bado haiachii, hapo ndipo lawama inapoanza kuelekea ndani.

Hatua ya tatu: uvujaji na maunti

Laza kadibodi safi chini ya gari usiku kucha, kisha asubuhi uangalie tone liko chini ya sehemu gani. Nyumba ya klachi ya Land Rover za Series ina tundu dogo chini yake, ambalo huachwa wazi wakati wa kawaida ili mafuta yanayovuja yatoke, na huzibwa kwa plagi maalumu pale tu gari linapokwenda kuvuka maji. Tone linaloning'inia kwenye tundu hilo ni ushahidi wa moja kwa moja. Likiwa jeusi na jepesi limetoka kwenye sili ya nyuma ya kranki. Likiwa zito, la rangi ya asali na lenye harufu kali ya salfa, limetoka kwenye sili ya mbele ya giaboksi. Yote mawili hulowesha lainingi na kuifanya iteleze au itetemeke, na hakuna pleti mpya itakayodumu kabla ya sili kubadilishwa.

Wenye Peugeot 504 wawe waangalifu hapa, kwa sababu giaboksi ya gari hilo iliandikiwa mafuta ya injini, si mafuta mazito ya gia. Harufu haitatofautisha, hivyo rangi ndiyo itakayosaidia: mafuta ya injini huwa meusi kwa masizi, na ya giaboksi hubaki meupe zaidi.

Kisha kagua maunti za injini na giaboksi. Mpira ukipasuka, injini hujipindua wakati wa kuondoka, ikavuta kebo au mikono ya gia. Matokeo yake ni kutetemeka na gia kuchomoka, dalili ambazo wengi huzihusisha na ubovu wa ndani.

Hatua ya nne: majaribio injini ikiwa hai, gari likiwa limesimama

*Jaribio la kuachia.* Injini ikiwa moto na ikiunguruma polepole, kanyaga pedali hadi chini, subiri sekunde 10, kisha weka rivasi, ambayo katika mengi ya magari haya haina sinkro. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikikwaruza, pleti bado inazunguka. Zima injini na ujaribu tena gia zote: zikiingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa lakini zikakataa ikiwa hai, tatizo ni klachi, zikikataa hata ikiwa imezimwa, tatizo liko kwenye mikono ya gia au ndani ya giaboksi.

*Jaribio la sauti.* Gia ikiwa huru, yaani nyutro, sikiliza pedali ikiwa juu, kisha uikanyage polepole.

- Mlio uliopo pedali ikiwa juu, ukapotea ikikanyagwa, hutoka kwenye beringi ya shafti ya kuingilia au shafti ya chini, kwa kuwa zote huacha kuzunguka pleti inapoachiwa.
- Mlio unaoanza pedali inapoguswa kidogo tu hutoka kwenye beringi ya kuachia.
- Mlio unaotokea pedali ikiwa chini kabisa, hasa gia ikiwa imeingizwa, unaweza kutoka kwenye bushi au beringi ndogo iliyo katikati ya kranki.

*Jaribio la kushika.* Kabari zikiwa mahali pake, breki ya mkono ikiwa imevutwa, mguu ukiwa kwenye breki na mbele ya gari pasipo na mtu, weka gia ya juu kabisa na uachie klachi polepole. Injini inapaswa kuzimika upesi. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, maana kila linaporudiwa huchoma lainingi.

Hatua ya tano: majaribio ya barabarani

Mazingira ya Kisumu yana faida kwa kazi hii, kwani barabara tambarare na mlima ziko karibu. Uwanda wa Kano, kwenye barabara ya Ahero hadi Awasi, unafaa kwa kusikiliza milio. Mwinuko wa barabara ya Kakamega, kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, unafaa kwa kupima nguvu ya klachi.

1. Kwenye tambarare, gari likiwa gia ya juu kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ikipandisha sauti huku gari likibaki na mwendo ule ule, klachi inateleza. Rudia mlimani kwa gia ya tatu, kwa sababu utelezi mdogo huonekana kwanza pale panapokuwa na mzigo.
2. Pita gia zote na uandike mlio unasikika katika ipi. Mlio ulio katika gia zote isipokuwa ya nne, kwa giaboksi ambazo gia ya nne ni ya moja kwa moja, huelekeza kwenye beringi za shafti ya chini. Mlio wa gia moja huelekeza kwenye meno ya gia hiyo. Beetle haina gia ya moja kwa moja, kwa hiyo kanuni hii haitumiki kwake.
3. Katika kila gia, kanyaga mafuta kwa nguvu kisha uyaachie ghafla. Andika ni gia ipi inayochomoka, na kama huchomoka wakati wa kuvuta au wakati wa kuachia.
4. Badilisha gia kwa upole, kisha kwa haraka kidogo. Gia moja tu ikikwaruza, mara nyingi ya pili, sinkro yake imelika. Zote zikikwaruza pamoja na rivasi, rudi kwenye jaribio la kuachia.

Dereva wa Land Rover ya Series II au IIA akumbuke kwamba giaboksi yake ya kawaida ina sinkro katika gia ya tatu na ya nne tu. Series III, iliyoanza mwaka 1971, ndiyo iliyopewa sinkro katika gia zote za mbele. Kukwaruza kwa gia ya pili katika gari la kwanza kunaweza kuwa ni kukosa kukanyaga klachi mara mbili wakati wa kushusha gia, wala si ugonjwa.

Hatua ya sita: kusoma mafuta ya giaboksi

Mafuta ya giaboksi huhifadhi habari za kila kinacholika ndani. Gari likiwa moto na limesimama sawasawa, legeza kwanza plagi ya kujazia, kwa sababu atakayemwaga mafuta kisha akakuta plagi ya juu imegoma kwa kutu atabaki na gari lisiloweza kuondoka. Halafu mwaga mafuta kwenye bakuli jeupe, uyatazame juani, na upitishe sumaku ndani yake.

- Vumbi laini la rangi ya dhahabu lisiloshikwa na sumaku ni shaba ya sinkro. Likiwa kidogo ni kawaida. Likiwa jingi ni onyo.
- Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni mliko wa kawaida wa miaka.
- Magamba membamba ya chuma yanatoka kwenye beringi.
- Vipande vyenye kona ni meno yaliyovunjika. Gari lisiendeshwe tena.
- Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiliwa na maji.

Wakati wa kujaza, fuata aina iliyoandikwa katika kitabu. Mafuta ya gia ya daraja la GL-5, ambayo yametengenezwa kwa ajili ya difu, yanaweza kudhuru shaba ya sinkro katika giaboksi za kale, ambazo kwa kawaida huhitaji GL-4 au, kama ilivyoelezwa, mafuta ya injini.

Jedwali la kubaini kwa haraka

| Dalili | Anza kukagua hapa | Kisha hapa |
|---|---|---|
| Injini yapanda sauti, gari halivuti | Mwendo wa bure wa pedali. Kebo | Mafuta kwenye lainingi. Pleti iliyoisha |
| Gia zote zakwaruza pamoja na rivasi | Mafuta ya breki, hewa, masta, slevu, kebo | Uma. Pleti iliyopinda au kushika kutu |
| Gia moja yakwaruza | Aina na kiwango cha mafuta | Sinkro ya gia hiyo |
| Gari latetemeka likiondoka | Maunti. Katika Beetle, mpindo wa bomba la kebo | Mafuta kwenye lainingi. Fulaiweli iliyoungua |
| Gia yachomoka | Bushi za mikono ya gia; maunti | Springi na gololi za kushikia gia; uma wa ndani; beringi |
| Mlio pedali ikiguswa | Mwendo wa bure wa pedali | Beringi ya kuachia |
| Mlio unaopotea pedali ikikanyagwa | Kiwango cha mafuta | Beringi za shafti ya kuingilia na ya chini |

Kwa Beetle, bomba laini ambalo kebo hupitia nyuma linapaswa kuwa na mpindo wa milimita 25 hadi 45; likinyooka mno, klachi hutetemeka hata ikiwa mpya, na dawa yake ni washa chache tu. Vilevile kiungo cha fimbo ya gia kilicho chini ya kifuniko karibu na kiti cha nyuma hulika mpira wake, na kikilika gia hupotea mahali pake. Katika Peugeot zenye mkono wa gia kwenye usukani, bushi za fimbo zilizo upande wa injini ndizo za kutazamwa kwanza.

Mambo yanayohusu mwambao hasa

*Maji ya mafuriko.* Mto Nyando unapofurika katika uwanda wa Kano, au ziwa linapopanda na kumeza barabara za ufukweni, giaboksi iliyo moto hutumbukia ghafla kwenye maji baridi. Hewa iliyo ndani hujikunja, na maji hufyonzwa kupitia tundu la kupumulia na sili zilizochoka. Baada ya gari kupita maji yaliyofika kwenye giaboksi au difu, mafuta ya vyombo hivyo yakaguliwe siku hiyo hiyo au inayofuata. Wenye Land Rover waitoe plagi ya nyumba ya klachi mara wanapofika nchi kavu, la sivyo maji na mafuta yatakusanyika na kulowesha pleti.

*Kukaa bila kuendeshwa.* Katika gari lililoegeshwa kwa miezi katika unyevu wa ziwa, pleti na fulaiweli huweza kushikana kwa kutu. Dalili yake ni kwamba pedali ni nzuri na uma unasogea, lakini gia hazikubali kuingia injini ikiwa hai. Kabla ya kushusha chochote, tafuta uwanja mpana, tambarare na usio na watu, pasha injini moto kisha uizime, weka gia ya pili, kanyaga klachi hadi chini na uwashe kwa stata. Gari likiondoka, kanyaga na kuachia mafuta mara kadhaa huku pedali ikibaki chini, ukiwa tayari kuzima injini kwa swichi. Mara nyingi pleti huachia. Isipoachia baada ya majaribio machache, simamisha zoezi, maana stata na meno ya fulaiweli yatadhurika.

*Mzigo na mteremko.* Pikapu inayobeba samaki na barafu kutoka ufukweni, au gari linalosubiri zamu ya feri kwenye mteremko wa gati la Luanda K'Otieno au la Mbita, huharibiwa zaidi na tabia ya dereva ya kulizuia kwa klachi badala ya breki. Kila sekunde ya namna hiyo huchoma lainingi na kuacha madoa ya bluu kwenye uso wa fulaiweli, ambayo baadaye husababisha mtetemeko.

> KISANDUKU CHA 2: MAKOSA YANAYORUDIWA
>
> - Kubadilisha pleti pekee na kuacha beringi ya kuachia ya zamani, ilhali kazi ya kuifikia ni ile ile.
> - Kubadilisha slevu bila kutoa hewa kwenye mfumo, kisha kuilaumu klachi.
> - Kuongeza mafuta ya injini kwenye chupa ya mafuta ya breki. Mipira yote huvimba na mfumo mzima huharibika.
> - Kukaza kebo ya klachi hadi isibaki na mwendo wa bure, kwa imani kwamba itashika zaidi.
> - Kuongeza mafuta mazito kupita kiasi ili kuficha mlio wa beringi.
> - Kuiacha giaboksi ining'inie kwa shafti yake wakati wa kuiingiza. Uzito huo hupinda pleti mpya.
> - Kuendelea kuliendesha gari linalonuka lainingi iliyoungua.

Iwapo giaboksi ni lazima ishushwe

Majaribio yote yakielekeza ndani, kazi ifunguliwe mara moja na ikamilishwe. Kabla ya kukubaliana na fundi, awe wa gereji kubwa ya mjini au wa jua kali Kibuye, pitia orodha ifuatayo:

- [ ] Dalili na matokeo ya kila jaribio yameandikwa, na fundi amepewa nakala.
- [ ] Fundi amewahi kushusha giaboksi ya aina hiyo ya gari.
- [ ] Spea mpya zimelinganishwa na za zamani kwa kipenyo cha pleti na idadi ya meno ya katikati kabla ya kufungwa.
- [ ] Pleti, presha pleti na beringi ya kuachia zitabadilishwa pamoja.
- [ ] Sili ya nyuma ya kranki na sili ya mbele ya giaboksi zitabadilishwa zikiwa wazi.
- [ ] Uso wa fulaiweli utakaguliwa kwa nyufa na madoa ya kuungua, na utasawazishwa kwa mashine ikihitajika.
- [ ] Bushi au beringi ndogo ya kranki itakaguliwa.
- [ ] Spea zote zilizotolewa zitakabidhiwa kwa mwenye gari.
- [ ] Gari litajaribiwa barabarani na fundi pamoja na mwenye gari kabla ya malipo ya mwisho.

Spea zilizotolewa zisitupwe haraka, kwa sababu zinathibitisha au kukanusha kile kilichobainiwa. Lainingi iliyolika sawasawa hadi kwenye ripiti inaonyesha klachi iliyofikia mwisho wa maisha yake. Iliyong'aa kama kioo imeungua. Iliyolowa mafuta inadai sili. Na springi za katikati zilizolegea zinaeleza kelele iliyosikika wakati wa kuondoka. Daftari lenye kumbukumbu hizo libaki ndani ya gari, ili litakapougua tena, au litakapopata mwenyewe mpya, upimaji usianze upya gizani.

Giaboksi isishushwe mpaka pedali, mafuta ya breki, kebo, slevu, maunti, mikono ya gia na mafuta ya giaboksi vimekaguliwa kwa mpangilio huo na majibu yameandikwa. Msomaji mwenye gari la kale aanze na rula, tochi na kadibodi wiki hii, kabla dalili ndogo haijawa gharama kubwa.